Treni ya Likizo kwa Familia ya Kericho: Tiketi Gani, Saa Ngapi?

Bonasi ya majani chai huwafikia wakulima wadogo mwezi wa Oktoba, na shule hufungwa wiki chache baadaye. Ndipo nyumba nyingi za Kericho na Bomet huanza kuzungumzia Mombasa, na kwa watoto Mombasa ni treni kwanza, bahari baadaye. Wazazi nao wana swali lao: je, hakuna pasi moja ya familia nzima, kama zile wanazozisimulia jamaa walioko Ulaya?

Hakuna, na kwa kweli hata ingekuwepo isingewafaa. Pasi ya Interrail, ambayo Wazungu wanaitumia tangu 1972, hurudisha fedha yake kwa sababu mwenye nayo hupanda treni leo, kesho na kesho kutwa, akivuka nchi baada ya nchi. Familia ya Litein au Sotik ikienda pwani hupanda treni mara mbili: kwenda na kurudi. Hapo ni tiketi za kawaida tu, na anayetaka kuokoa fedha sharti azisome vizuri tiketi hizo.

Tuanze na umri. Kwenye Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa, mtoto wa chini ya miaka mitatu halipiwi nauli, ila hana kiti, utampakata. Wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Akishatimiza kumi na miwili ni mtu mzima mbele ya reli, hata kama bado anaogopa giza. Mpaka huu ni wa Kenya tu. Kwenye treni ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nusu nauli ni kuanzia miaka minne hadi kumi na miwili. Kwa hiyo usichukue habari za shemeji aliyesafiri Dodoma ukazifanya sheria ya Kenya. Hata hivyo, punguzo la reli ni neema ukililinganisha na barabara: kwenye matatu kondakta huhesabu viti, hahesabu miaka.

Sasa nauli. Treni ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilikuwa shilingi 700. Likapanda hadi 1,000, na kuanzia Januari 2024, Shirika la Reli likitaja bei ya mafuta, likawa 1,500. Daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Chukua baba, mama, kijana wa miaka kumi na mitatu, binti wa miaka saba na mdogo wa miaka miwili. Kwa nauli hizo za 2024, daraja la kawaida ni 1,500 mara tatu, ongeza 750 ya binti: 5,250 kwenda, 10,500 kwenda na kurudi. Daraja la kwanza ni 15,750 kwa upande mmoja tu. Tofauti ya upande huo mmoja inatosha kuipeleka familia hiyohiyo Mombasa na kuirudisha kwa daraja la kawaida.

Unanunua nini kwa tofauti hiyo? Kiti kipana zaidi, na behewa lenye watu wachache. Usidhani unanunua kitanda. Madaraka Express haina mabehewa ya kulala. Na kwa familia yenye watoto, viti vya daraja la kawaida vina jambo zuri: vinatazamana, vitatu kwa vitatu upande mmoja na viwili kwa viwili upande wa pili, na katikati pana meza ndogo. Mama anawaona wote. Lakini nunua tiketi zote kwa mara moja, kwa simu moja. Mkinunua mmoja mmoja, msishangae binti akipangiwa kiti behewa jingine.

Hata hivyo, kinachoharibu safari za watu wa Kericho kwa kawaida si daraja. Ni saa. Treni huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya asubuhi husimama njiani, Emali, Mtito Andei, Voi na kwingineko, na ndiyo inayowapa watoto mwanga wa kutosha kutafuta ndovu wa Tsavo dirishani. Ila kutoka Kericho hadi Nairobi ni kama kilomita 260 za barabara, kisha stesheni yenyewe iko Syokimau, nje ya mji, na huko kuna mizigo kupangwa chini ili mbwa wa polisi wainuse kabla hamjaingia. Uwe umefika saa nzima mapema. Anayetoka Kericho alfajiri ameikosa treni ya asubuhi tayari. Ya alasiri anaweza kuipata, mradi lori lisianguke Salgaa wala mvua isifunge barabara. Tiketi yenye saa haimsubiri mtu aliyekwama Gilgil.

Ya usiku ndiyo mtego. Inaonekana imetengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali: unatoka nyumbani asubuhi bila haraka, unapanda saa nne. Kisha unashushwa Miritini, stesheni ya Mombasa, kati ya saa tisa na saa kumi za usiku, mtoto begani, mizigo mkononi, na hoteli haipokei wageni kabla ya mchana. Vijana wasio na watoto waifurahie.

Watu wa Bomet wana njia nyingine ya kuchunguza. Barabara yao ya Narok hupita Suswa, mahali reli ya kisasa ilipofika Oktoba 2019, na treni ya huko huishia Syokimau, palepale inapoanzia ya Mombasa. Saa zikiafikiana mtaukwepa mji mzima wa Nairobi. Lakini piga simu kuulizia ratiba ya siku yenu kabla ya kuijenga safari juu yake.

Na kwa aliye na fedha kidogo, reli ya karibu zaidi si ya kisasa. Ni ile ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901, inayoteremka kutoka Mau Summit kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni. Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa enzi hizo, ndiyo stesheni iliyosafirisha chai ya mashamba ya kwanza ya Kericho. Treni ya abiria ya Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021 kwa nauli ya shilingi 600 daraja la kawaida, ikitoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika asubuhi. Ni ya polepole na haiendi kila siku, kwa hiyo uliza stesheni kwanza. Kwa mtoto anayetaka tu kujua treni ni nini, inatosha.

Anayekwenda pwani apige *639# mara tu tarehe za kufunga shule zinapojulikana, alipe kwa M-Pesa, na awe na vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mkobani. Kuhusu daraja, mimi ningechukua la kawaida, treni ya saa mbili asubuhi kwenda na ya saa mbili asubuhi kurudi. Fedha mliyotaka kuitia kwenye daraja la kwanza, lipieni chumba cha kulala Nairobi usiku wa kuamkia safari.