Mpira wa Trekta Uliogeuka Balaa



Wewe unaijua tyubu. Ni ule mpira wa ndani ya gurudumu, unaojazwa upepo. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba. Tyubu ya trekta ni kubwa, hata mtu mzima anaweza kuikalia. Ukiiweka juu ya maji, inaelea.

Leo nitakueleza habari ya tyubu za trekta katika nchi ya mbali. Mimi ni bwana shamba, na habari hii ilianzia shambani. Ilianza kwa wema. Baadaye ilileta misiba mingi. Soma polepole, kisha uwaeleze wenzako.

MAHALI PENYEWE

Nchi ninayoizungumzia ni Laos. Iko katika bara la Asia, kati ya Thailand na Vietnam. Haina bahari. Watu wake wengi ni wakulima, na chakula chao kikuu ni wali.

Mji mkuu wa Laos unaitwa Vientiane. Ukisafiri kama kilomita 150 kwenda kaskazini, unafika mji mdogo uitwao Vang Vieng. Kando yake unapita mto Nam Song. Ng'ambo ya mto kuna milima mirefu ya mawe ya chokaa, yenye mapango. Mahali hapo panapendeza sana.

Kwa sababu hiyo vijana wa kigeni walianza kufika. Walitoka Ulaya, Marekani na Australia. Walikuja na mabegi mgongoni, wakitafuta malazi ya bei nafuu.

MGENI ALIPEWA JEMBE

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huko Vang Vieng mkulima mmoja alifanya hivyo hasa. Alikuwa na shamba la miforosadi kando ya mto, kilomita chache kutoka mjini. Hakutumia dawa za viwandani. Vijana wa kigeni walikuja kumsaidia kwa kujitolea. Walilima, walichuma majani, na wengine walifundisha watoto wa kijiji Kiingereza.

Kazi ya shamba inachosha, na jua la huko ni kali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwenye shamba aliwaonea huruma. Alinunua tyubu za trekta, akawapa ili wapumzike mtoni. Kila mmoja alikalia tyubu yake, maji yakamchukua polepole mpaka mjini.

Hapo, ndugu msomaji, hapakuwa na ubaya wowote. Mtu amefanya kazi, anaburudika, jioni analala.

FEDHA ZIKAINGIA

Habari zilienea haraka. Wageni wengi walitaka kuelea juu ya tyubu, hata wale ambao hawakushika jembe. Wanavijiji wakajiunga pamoja, wakawa wanakodisha tyubu kwa zamu. Wenye magari madogo wakawabeba wageni hadi juu ya mto. Wenye nyumba wakajenga vyumba vya kulala. Watu wakapata fedha ambazo mpunga peke yake haukuwapa. Jambo hilo ni jema, wala hatuwezi kuwalaumu.

Kisha zikaja baa. Zilijengwa kwa miti na mbao kando ya mto, moja baada ya nyingine. Mgeni alipokuwa anapita juu ya tyubu, wahudumu walimtupia kamba, wakamvuta hadi kwenye baa yao. Akifika, alipewa tone la pombe kali bila malipo. Pombe hiyo ni ya mchele, nayo hupikwa kama inavyopikwa gongo. Baada ya hapo aliuziwa pombe nyingine katika ndoo ndogo ya plastiki. Baa nyingine ziliuza hata bangi na afyuni.

Ili kuwavuta wateja, baa zilishindana. Hii ilifunga bembea ndefu ya kamba juu ya maji. Ile ilijenga jukwaa refu la kurukia, au mtelezo wa kuangukia mtoni. Mtu alikunywa, akapanda juu, akajirusha.

MTO HAUJUI MGENI

Sasa fikiri vizuri. Wakati wa kiangazi, maji ya mto Nam Song hupungua. Mawe yaliyo chini hukaribia juu, lakini aliye kwenye bembea hayaoni. Anajirusha kichwa mbele, anagonga jiwe. Wakati wa masika mto hujaa na kwenda kwa kasi. Mtu hawezi kuiendesha tyubu kama mtumbwi. Tyubu haina kafi wala usukani. Inakwenda yanakokwenda maji.

Pombe nayo ina kazi yake mwilini. Inamfanya mtu asiwe na hofu pale anapopaswa kuogopa. Mikono na miguu inachelewa kumtii. Anayejua kuogelea anakuwa kama asiyejua. Jua linapotua, mlevi yuko bado mtoni, gizani, na wenzake wamelewa vilevile. Nani atamwokoa?

Basi watu wakaanza kufa. Wengine walizama. Wengine walivunjika shingo au kupasuka kichwa. Mwaka 2011 peke yake hospitali ya hapo iliandika vifo vya wasafiri 27. Hesabu hiyo haikuwa kamili, kwa sababu baadhi ya majeruhi na maiti walipelekwa moja kwa moja Vientiane. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana. Wazazi wao walikuwa mbali, wakingoja barua na simu.

Kuna msemo kwamba ajali haina kinga. Lakini ajali hizi zilikuwa na kinga. Mtu asinywe pombe kabla ya kuingia majini. Asijirushe mahali ambapo hajui kina chake. Avae jaketi la kuelea. Atoke majini kabla ya giza. Mambo manne tu.

HASARA YA WENYEJI

Tunasema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, wenyeji wa Vang Vieng walipona?

Fedha walizipata, lakini tazama walivyopoteza. Muziki wa baa ulipigwa kwa sauti kubwa mchana kutwa. Ulifika hata kwenye lile shamba la miforosadi. Waliokuja kulima hawakupata utulivu, wakapungua. Mkulima aliyetoa tyubu kwa wema akawa miongoni mwa waliolalamika zaidi.

Watu wa Laos wengi ni wa dini ya Buddha, na wanaheshimu sana mavazi ya staha. Wageni walitembea mjini wakiwa nusu uchi na wamelewa, mbele ya wazee na watoto. Vijana wa mji wakaanza kuiga.

Na mto wenyewe, ambao watoto waliuchezea tangu zamani, ukawa wa kuogopwa. Baadhi ya wenyeji waliamini kwamba mizimu ya wale waliokufa imekaa ndani ya maji. Watoto wao hawakuogelea tena. Wewe unaweza kuamini au kutoamini mizimu. Lakini jua kwamba watu wale walinyang'anywa mto wao wakiwa wamekaa kando yake.

SERIKALI IKACHUKUA HATUA

Katika nusu ya pili ya mwaka 2012 serikali ya Laos ilifunga baa za kando ya mto. Bembea, majukwaa na mitelezo ikabomolewa. Vifo vya mtoni vikapungua sana. Lakini waliokuwa wanategemea baa walikosa kazi kwa ghafla. Yule aliyekuwa ameendelea kulima mpunga wake alikuwa na chakula ghalani. Yule aliyeacha jembe kwa ajili ya ndoo za pombe alibaki mikono mitupu.

Tyubu hazikupigwa marufuku. Wageni bado wanaelea, lakini kwa utaratibu zaidi. Wengine siku hizi huenda kuona mapango, kupanda milima au kupiga makasia.

POMBE ILIUA TENA

Hata hivyo hatari haikwisha. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 wageni sita walikufa baada ya kunywa pombe Vang Vieng. Hawa hawakuzama. Pombe inayodhaniwa kuwaua ilikuwa na sumu iitwayo methanoli.

Methanoli ni maji makali yanayotumika katika rangi na viwandani. Inafanana na pombe. Huwezi kuitambua kwa macho, kwa kunusa wala kwa kuonja. Ikiingia mwilini inageuka kuwa asidi kali, inayoharibu mishipa ya macho na kuua. Mtu anaweza kukaa saa nyingi, hata siku nzima, kabla ya kuona dalili. Kisha kichwa kinauma, anatapika, tumbo linauma, macho yanaona ukungu. Huyo asilazwe nyumbani kusubiri pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, na mganga aambiwe kwamba alikunywa pombe.

Jambo hili si la Laos tu. Mwezi wa Mei mwaka 2014 pombe yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu nchini Kenya, na wengine wakapofuka. Kwa hiyo jihadhari na pombe isiyojulikana ilikotoka.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Labda kijiji chako kina mto mzuri, maporomoko ya maji, ziwa au ufuko. Labda wageni wameanza kufika. Wapokeeni. Lakini wekeni utaratibu mapema, kabla fedha hazijawafumba watu macho.

Kijiji kina uwezo huo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Wananchi huzijadili katika mkutano wa kijiji, kisha zinapelekwa halmashauri ya wilaya ili zipitishwe. Mnaweza kuamua mahali pa kuogelea na mahali pa kukatazwa. Mnaweza kuamua kwamba pombe isiuzwe kando ya maji. Mnaweza kuamua sehemu gani ya mapato iende kwenye zahanati au shule.

Wala usiache shamba. Fedha za wageni ni kama mvua za vuli: mwaka huu zinanyesha, mwaka kesho huenda zisinyeshe. Shamba liwe ndiyo nguzo, wageni wawe nyongeza.

Na tyubu je? Tusiitupe. Katika kazi yangu naona tyubu kuukuu nyingi zimelala tu nyuma ya nyumba. Izibeni, mzijaze upepo, mzifunge kamba ndefu, mziweke karibu na kivuko au bwawa. Mtu akizama, usijitose kama hujui kuokoa, maana mtakufa wawili. Mtupie tyubu, umvute kwa kamba. Ukikosa tyubu, tumia mti mrefu au dumu tupu lililofungwa kizibo.

Mkulima wa Laos alitoa tyubu ili watu wapumzike. Sisi tuziweke tayari ili watu waokoke.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini mkulima aliwapa vijana tyubu?
2. Wenyeji wa Vang Vieng walipata faida gani? Walipata hasara gani?
3. Kwa nini ni hatari kunywa pombe na kisha kuingia majini?
4. Taja dalili za mtu aliyekunywa methanoli. Utamsaidiaje?
5. Je, kijijini kwenu kuna mahali pa maji penye hatari? Mtaweka sheria gani ndogo?