Suti kavu ya kupiga mbizi: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua ya kwanza

Maji ya ufa wa Silfra, katika hifadhi ya taifa ya Þingvellir nchini Aisilandi, hubaki kati ya nyuzi joto 2 na 4 za Selsiasi mwaka mzima. Katika ghuba ya Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti, bado yamelala mabaki ya manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Huko nako maji huwa karibu nyuzi 12 hadi 14 tu wakati wa majira ya joto. Aliyejifunza kupiga mbizi Pemba au Mafia, kwenye bahari ya uvuguvugu, akihamia Ulaya hutambua upesi kwamba suti aliyoizoea haimfai tena.

Sababu ni kwamba maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Suti ya kawaida ya neopreni huruhusu maji kidogo kupenya, na mwili huyapasha joto. Suti kavu huyazuia maji yote yasiingie. Kinachomkinga mpiga mbizi na baridi ni hewa iliyomo ndani pamoja na nguo anazovaa chini yake. Hewa hiyohiyo ndiyo inayolifanya vazi hili lihitaji ujuzi wa pekee.

Hewa inayokinga na kuhatarisha

Mtu akifika kina cha mita 10, hewa iliyokuwa juu ya maji hubanwa hadi nusu ya ujazo wake. Kwenye mita 20 hubaki theluthi moja. Suti hugandamana na mwili, hubana na kumfanya mvaaji awe mzito. Kwa hiyo huwekwa vali kifuani, inayopokea hewa kutoka kwenye mtungi kupitia mpira maalumu. Wakati wa kupanda, hewa hiyo hutanuka, na lazima itolewe kupitia vali nyingine, ambayo kwa kawaida huwa kwenye mkono wa kushoto karibu na bega. Isipotolewa, mpiga mbizi anaweza kurushwa juu kwa kasi isiyodhibitika, jambo linaloweza kudhuru mapafu na kusababisha maradhi ya mgandamizo.

Mnamo Novemba 2020, mwanafunzi kijana wa kupiga mbizi alifariki dunia katika Ziwa McDonald, jimboni Montana, Marekani. Kwa mujibu wa kesi ya madai iliyofunguliwa na familia yake, alikuwa amevaa suti kavu aliyoinunua ikiwa imekwishatumika. Mpira wa hewa haukuunganishwa, kwa kuwa kiungio chake hakikuoana na vifaa alivyokuwa navyo, na alikuwa amebebeshwa risasi nyingi kupita kiasi. Funzo kwa mnunuzi ni kwamba suti bila mpira wake haijakamilika, hata bei yake iwe nafuu namna gani.

Kitambaa kipi?

Aina mbili ndizo zilizoenea. Ya kwanza ni neopreni, mpira wenye vipovu vya gesi. Hutunza joto wenyewe, hunyumbulika, na hata suti ikiingiwa na maji bado husaidia kiasi. Hata hivyo vipovu hivyo hubanwa kadiri kina kinavyoongezeka, na kwa hiyo joto na uwezo wa kuelea hupungua. Isitoshe, suti hiyo ni nzito na hukauka polepole.

Aina ya pili ni kitambaa chepesi cha tabaka tatu, ambacho tabaka lake la kati ni mpira usiopitisha maji. Chenyewe hakitunzi joto. Kazi hiyo huachiwa nguo za ndani. Faida yake ni kwamba suti moja hufaa maji ya baridi kali na ya baridi kiasi, kwa kubadilisha nguo za ndani tu. Hukauka haraka na hukarabatiwa kwa urahisi. Anayezamia mahali mbalimbali hunufaika zaidi na aina hii.

Nguo za ndani ziwe za sufu au nyuzi za sintetiki. Pamba haifai, maana hunyonya jasho na kulishikilia, na mvaaji hupata baridi ilhali suti haivuji.

Shingo, mikono na zipu

Maji huzuiwa na mikanda laini ya shingoni na vifundoni mwa mikono. Ya lateksi ni laini, ila huchanika, huharibiwa na jua, na baadhi ya watu ngozi zao huidhurika. Ya silikoni hunyumbulika zaidi, na ikiwa suti ina pete zake maalumu, mtu anaweza kuibadilisha mwenyewe. Ya neopreni hudumu na ina joto, ingawa hukaa kwa shida kwenye vifundo vyenye mishipa iliyotokeza. Mkanda wa shingo unaobana mno ni hatari, kwani hukandamiza mishipa ya damu na kuleta kizunguzungu.

Zipu ya mgongoni huhitaji mtu wa kusaidia kuifunga. Ya mbele mvaaji huifunga mwenyewe. Kubadilisha zipu ni miongoni mwa matengenezo yenye gharama kubwa, kwa hiyo isikunjwe, na ile ya chuma ipakwe nta.

Jinsi ya kuipima

Ijaribu ukiwa umevaa nguo za ndani utakazozamia nazo. Chuchumaa, kumbatia mabega yako, kisha nyoosha mkono nyuma hadi mahali ilipo vali ya mtungi. Hakikisha mikono yako inazifikia vali zote mbili za suti. Ikibana, utashindwa kufikia vifaa vyako. Ikipwaya, hewa itazurura ndani. Viatu vikubwa kupita kiasi hukusanya hewa miguuni na vinaweza kumpindua mtu kichwa chini.

Suti iliyokwishatumika ikaguliwe kwanza: fungeni shingo na mikono, ijazeni hewa, kisha pakeni maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha palipotoboka.

Mafunzo kabla ya kina

Silfra hairuhusu mpiga mbizi wa mitungi asiye na cheti cha suti kavu au ushahidi wa kuwahi kuitumia. Hata pasipo na sharti kama hilo, mazoezi ya kwanza yafanyike kwenye maji ya kina kifupi, pamoja na mkufunzi. Hapo ndipo mtu hujifunza kutoa hewa, kujinyoosha anapopinduliwa, na kukadiria upya uzito wa risasi. Gharama ya mafunzo hayo ihesabiwe pamoja na bei ya suti tangu mwanzo.