Kujaa na Kupwa kwa Maji Machoni pa Msomaji wa Mafinga: Ufafanuzi wa Taswira katika Darasa la Fasihi ya Kiingereza

Ikisiri

Zoezi la kufafanua taswira mara nyingi hujibiwa kwa kutaja jina la tamathali na kutoa maana yake kwa sentensi moja. Makala haya yanaonesha kwamba jibu la namna hiyo huiacha taswira yenyewe bila kusomwa. Kwa kurejelea taswira ya maji kujaa katika tamthilia ya Julius Caesar, na kwa kumzingatia msomaji wa Mafinga, makala yanatetea hoja kwamba ufafanuzi uanze na tabia ya kitu kilichotumiwa, kisha ndipo uifikie maana.

1.0 Utangulizi

Taswira ni picha inayojengwa na maneno katika akili ya msomaji kwa kuigusa milango yake ya fahamu. Picha hiyo huweza kujengwa kwa tashibihi, sitiari au tashihisi. Huweza pia kujengwa kwa maelezo ya kawaida yasiyo na tamathali yoyote. Kwa hiyo, kuitambua tamathali si sawa na kuielewa taswira. Tamathali ni njia. Taswira ni kile kinachoonekana, kinachosikika au kinachohisiwa baada ya njia hiyo kupitiwa.

Ugumu hujitokeza pale kinachotakiwa kuonekana hakimo katika mazingira ya msomaji. Mafinga, mji wa Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyekulia hapo anaijua baridi ya Juni na Julai, ukungu wa asubuhi, misitu ya misindano ya Sao Hill na mashamba ya chai. Huenda hajawahi kuiona bahari. Je, mwanafunzi huyu ataisomaje taswira iliyochotwa baharini?

2.0 Taswira Inayojadiliwa

Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, kuna mjadala mashuhuri wa kivita katika tendo la nne, onesho la tatu. Cassius anashauri kwamba jeshi lao litulie, ili adui achoke kwa safari ya kuwafuata. Brutus anakataa. Anataka waende Philippi mara moja, na ili kuishindilia hoja yake anayafananisha mambo ya wanadamu na bahari: maji yakijaa, aking'oa nanga hufika kwenye neema, akiikosa nafasi hiyo, safari yote ya maisha yake hukwama katika maji machache. Cassius anakubali. Huko Philippi wanashindwa, na wote wawili wanakufa.

3.0 Njia Mbili za Mkato

Njia ya kwanza ni kutaja jina: mwanafunzi huandika kwamba hii ni sitiari, na maana yake ni kwamba tusipoteze nafasi. Jibu hili si kosa, lakini lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuisoma tamthilia. Halioneshi kwa nini mwandishi alichagua maji ya bahari na si kitu kingine.

Njia ya pili ni kubadilisha kitu. Mwalimu, kwa nia njema, huweza kuwaambia wanafunzi wa Mafinga wayafikirie maji kujaa kama mvua za kwanza za msimu. Anayechelewa kupanda hukosa mavuno, na katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka hasara hiyo haifidiki upesi. Wanafunzi wataelewa mara moja. Lakini watakachokielewa ni hoja ya Brutus tu, tena ikiwa imeongezewa nguvu ambayo bahari haiipi.

4.0 Kuanza na Tabia ya Kitu

Mvuvi wa Bagamoyo au Kilwa anajua jambo ambalo mfano wa mvua unalificha: maji yaliyopwa hujaa tena. Kati ya kujaa kumoja na kufuata hupita takriban saa 12 na dakika 25. Hata chombo kilichokwama juu ya fungu wakati wa bamvua, maji yanapofikia kimo chake kikubwa, hungoja bamvua ifuatayo baada ya takriban majuma mawili. Kungoja huko kuna gharama, lakini si mwisho wa safari.

Tukiisoma taswira kwa ujuzi huu, tunaona kwamba Brutus ameibana bahari iseme jambo isilolisema. Ameuchukua mwendo unaojirudia akaufanya tukio la mara moja. Cassius, aliyeshauri kungoja, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tabia halisi ya maji. Hivyo, taswira haipambi tu usemi wa Brutus. Inabeba pia udhaifu wa hoja yake, na matokeo ya Philippi yanaupa usomaji huu uzito. Jambo hilo halionekani kwa anayetaja tamathali pekee, wala kwa aliyebadilishiwa bahari kuwa mvua.

Hapa ndipo mfano wa mvua unapopata nafasi yake halali. Baada ya kuelezwa jinsi maji yanavyojaa na kupwa, mwanafunzi wa Mafinga aulizwe: mvua na bahari vinafanana wapi, na vinaachana wapi? Tofauti atakayoiona ndiyo itakayompa hoja ya insha yake.

5.0 Ugumu Huohuo katika Fasihi ya Kiswahili

Isidhaniwe kwamba tatizo ni la Kiingereza peke yake. Utenzi wa Al-Inkishafi unaonesha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari yakigeuka magofu, na vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vikiwa makazi ya ndege. Asiyejua kwamba vidaka ni vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta za nyumba za mawe za mwambao, ataona ndege tu. Hataona mahali palipoachwa wazi na vyombo. Kwa mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini, lugha ya utenzi huo ni ya nyumbani, lakini ukuta wake ni wa ugenini.

6.0 Hitimisho

Makala yamependekeza kwamba anayefafanua taswira ajiulize maswali matatu kwa mpangilio huu: kitu kilichotumiwa hufanya nini katika uhalisi wake, mzungumzaji amechukua sehemu gani ya tabia hiyo na kuacha ipi, na matukio ya kazi yanamuunga mkono au yanampinga? Jina la tamathali lije baada ya hapo. Kwa utaratibu huu, umbali wa Mafinga na bahari hauwi upungufu wa msomaji. Asiyeijua bahari hulazimika kuuliza inavyofanya kazi, na swali hilo ndilo ambalo aliyeizoea huweza kulisahau.