Maketi za ndege: kazi ya mikono yenye inafungua kinywa ya wazee

Ku Ulaya, ku Marekani na ku Japani kuko watu wazima wenye wanatoka ku kazi, wanakula, kisha wanaikala ku meza na bwati ya vipande vya plastiki. Kipande kimoja ni bawa. Kingine ni gurudumu. Kingine ni kiti ya piloti, kidogo sawa punje ya muchele. Kisha wiki mbili ao tatu, ndege nzima inatoka pale: haiko ya kuruka, ni ya kuangalia tu, lakini kila kitu kiko na kipimo chake. Ile njo inaitwa maketi.

Pa kwanza mutu atasema: kazi ya wenye hawana kazi. Lakini mu zile bwati zenye zinauzishwa kule mbali, muko ndege zenye zilipita juu ya muji wetu. Heller, kampani ya Ufaransa yenye ilianza mu 1957, ilitoa maketi ya Fouga Magister, ile ndege ya Katanga ya mwaka 1961. Ilitoa pia Saab Tunnan ya Uswidi, yenye ilikuja kupigana hapa chini ya bendera ya ONU, na DC-6, sawa ile yenye Dag Hammarskjöld alikufa ndani yake. Mutu wa Lyon ao wa Osaka anaweza kukuambia Fouga iko na urefu gani na mukia wake umekaa namna gani. Mutoto wa Katuba ao wa Kenya, mwenye nkambo yake pengine aliisikia ikipita, hajue hata jina yake.

Na wakati haungoje. Mwenye alikuwa na miaka 10 mu 1961, leo amepita 70. Wengi wao ni watu wa Union Minière na wa Gécamines ao watoto wao. Mutoto akimukalia muzee na kumwambia "elezea historia", muzee atasema maneno mbili na kunyamaza. Lakini weka mbele yake ndege ndogo, bawa moja bado kubandikwa, umuulize: "Nkambo, ilikuwa inapita chini ama juu sana?" Pale mazungumzo inaanza.

Ndege ine za muji wetu

Ya kwanza ni DC-4. Tarehe 17 Januari 1961, ndege ya namna ile ilitua ku Luano na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule waliuawa. DC-4 iko na moteri ine za panga, na mabawa yake toka ncha mupaka ncha ni karibu mita 36.

Ya pili ni Fouga Magister. Ilitengenezwa ku Ufaransa kwa kufundisha mapiloti: ndege ya shule yenye watu wawili, mumoja mbele na mungine nyuma, moteri mbili ndogo za reaksio, na mukia yenye umbo la V. Mu Februari 1961 Katanga ilipata tatu. Mupaka Septemba ilibaki paka moja yenye ilikuwa inapigana, na ilikuwa inaondokea Kolwezi. Ile moja tu ilitosha, juu ONU haikuwa na ndege ya vita hata moja hapa. Toka 13 mupaka 17 Septemba, wakati askari wa Ireland walizungukwa ku Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, Fouga iliwapiga mabomu na risasi, na hawakuwa na kitu cha kuijibia.

Ya tatu ni DC-6B yenye iliitwa Albertina. Asubuhi ya 17 Septemba iliondoka hapa Élisabethville kwenda Léopoldville, na wakati wa kuondoka ilipigwa risasi. Waliitengeneza. Mangaribi ikaruka tena na Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, kwenda kukutana na Moïse Tshombe ku Ndola. Ilichukua njia ndefu ya kuzunguka na ilinyamaza ku radio, juu ya kuogopa ile Fouga moja. Usiku ule ikaanguka mu pori karibu na Ndola. Watu 16 walikuwa ndani, hakuna mwenye alipona: mumoja tu alitolewa akiwa hai, naye akafa kisha siku chache mu hospitali. Mupaka leo uchunguzi juu ya ile ajali haujafungwa mu akili ya watu.

Ya ine ni Saab J 29. Waswidi wenyewe waliiita Tunnan, maana yake pipa, na ukiiangalia utacheka: kweli ni pipa yenye mabawa. Tano za kwanza zilikuja mu Oktoba 1961, kisha zikakaa ku Kamina. Toka pale, Fouga haikuwa tena peke yake mu mbingu ya Katanga. Mu Desemba 1962 Tunnan zilipiga uwanja wa ndege wa Kolwezi, pamoja na ndege za Katanga zenye zilikuwa pale.

Hesabu ya eshele

Mutu wa mugodi anajua plani. Karière nzima inaingia ku karatasi moja juu kila mita imepunguzwa sawasawa na zingine. Maketi ni ile ile, paka haiko ya karatasi ya kulala: inasimama.

Eshele ya maketi za ndege yenye inajulikana zaidi ni 1/72. Maana yake: ndege ya kweli ni mara 72 ya ile ya meza. Hesabu ni nyepesi. Geuza mita kuwa santimetri, kisha gawanya. Fouga iko na urefu wa mita 10,06, ni kusema santimetri 1.006. Gawanya kwa 72: unapata santimetri 14. Mabawa, pamoja na matanki ya mafuta ku ncha, ni mita 12,15: unapata karibu santimetri 17. Inaikala mu mukono. Lakini DC-6 mu eshele ile ile itakuwa na mabawa ya santimetri 50, na utahitaji meza ya kulia chakula. Juu ya ile, ndege kubwa watu wanazitengeneza mara mingi mu 1/144.

Mutoto mwenye anakataa kugawanya ku masomo, umupe lati na ndege ya kupima. Atagawanya paka usiku.

Ginsi inafanyika

Ukipata bwati ya kweli, pengine ndugu ametuma toka Ulaya, usikimbilie kole. Vipande vinakuja vimeshikana ku vijiti vya plastiki sawa matunda ku tawi. Vioshe kwanza na maji na sabuni, juu mafuta ya kiwanda inakataza rangi kushika. Soma plani yote mupaka mwisho. Kata kipande kimoja kimoja na pensi ndogo, acha kidogo pembeni, kisha suguza na papie ya msasa mupaka pakuwe laini. Jaribu kuunganisha pasipo kole. Kama haingii vizuri bila kole, na kole haitaisaidia.

Rangi ya ndani inaanza: kiti ya piloti na ubao wa saa zake. Ukishafunga mwili wa ndege, mukono hautafika tena kule. Kole ya plastiki haibandiki sawa kole ya karatasi. Inayeyusha ngozi ya vipande viwili mupaka vinakuwa kimoja. Tone moja inatosha. Ukimwaga mingi, inakula ndege.

Kisha kuko mutego wenye unashika karibu kila mwenye anaanza. Fouga, DC-4, DC-6 na Tunnan zote ziko na gurudumu mbele, chini ya pua. Maketi iko nyepesi, na uzito mwingi uko nyuma. Ukiisha kazi yote, unaiweka chini, inaikalia mukia, pua mu hewa. Juu ya ile unatia uzito mu pua mbele ya kufunga: ekru ndogo moja ao mbili zinatosha. Usitumie risasi ya batri ya zamani, ni sumu, zaidi kwa watoto.

Mukia ya V ya Fouga inahitaji uvumilivu. Kata kartoni yenye pembe ile ya plani, lalisha mabawa mawili ya mukia juu yake, acha usiku nzima ikauke. Mu mwisho kunakuja alama: namba na bendera ni vibandiko vyembamba vyenye unatia mu maji, vinaachana na karatasi, unavisukuma polepole ku mahali pake na ncha ya kidole. Ku bendera ya Katanga ya wakati ule muko misalaba tatu ya mukuba, ile croisette yenye wakubwa wetu walitumia kama feza mbele ya wazungu kuja. Mutoto ataiuliza. Uko na jibu.

Kama bwati haiko

Kwa wengi bwati haiko, na ikiwako bei yake inaweza kuwa ya magunia ya unga. Ile haiko mwisho wa maneno. Mu kampi zetu watoto wametengeneza motokari za waya na mikebe toka zamani, na direksio yenye inageuka kabisa. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, mwenye alikufa mu 2015, alijenga miji mizima ya kartoni na karatasi ya rangi. Mu 2018 museo kubwa ya New York, MoMA, ilizionyesha. Hapa Lubumbashi, Jean Katambayi, mwenye alisomea umeme, anatengeneza mashine za kartoni na waya zenye zimezunguka dunia. Hawakungoja bwati toka Ufaransa.

Kwa kartoni, 1/72 iko ndogo sana. Chukua 1/24: Fouga inakuwa na urefu wa santimetri 42 na mabawa ya santimetri 51. Chora plani ku karatasi kubwa: kutoka pembeni, kutoka juu, kutoka mbele. Mwili wa ndege unakatwa sawa mukate: viringo vya kartoni ngumu, kimoja kila santimetri ine, vimepangwa ku kijiti kimoja. Juu yake unavalisha kartoni laini ya bwati ya dawa. Kole ya unga wa mihogo inashika vizuri ukiipika nzito. Kioo cha piloti kinatoka ku chupa ya maji. Miguu ni waya.

Waya ya mukuba itoke ku moteri yenye imekufa, haiko ku kable ya SNEL wala ya kampani. Na usiichome kwa kutoa ngozi yake, ule moshi ni mubaya. Mikebe inakata kuliko wembe: mutu mukubwa akate, mutoto apinde. Kole na rangi ni kwa inje ao karibu na dirisha wazi.

Nyumba mbili, ndege moja

Kuko neno moja la kuchunga. Ile miaka haikupita sawasawa mu kila nyumba. Kuko wenye waliona Fouga wakasema: ni yetu. Kuko wenye, mu 1961, walikuwa mu kampi ya wakimbizi ya ONU hapa muji, Baluba maelfu na maelfu, na ndege ile ile kwao ilikuwa woga. Kuko wenye wanakumbuka ndege za ONU zikipiga, na hawakuziita za amani. Muzee mumoja atacheka akiiona, mungine atageuza uso. Wote wawili wanasema kweli.

Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa huku, mu miaka ya 1970 alichora historia ya inchi nzima mu picha karibu 100, sawa watu wa kawaida walivyoikumbuka. Alielewa kama picha inaita maneno. Ku université yetu pia, kazi ya Mémoires de Lubumbashi imekusanya toka 2000 masimulizi ya wafanyakazi na vitu vya manyumba yao. Maketi inaweza kufanya kidogo ya kazi ile ku meza yenu, pasipo ruhusa ya mutu.

Kwa hiyo, ndege ikiisha, tengeneza kibao cha kuisimamisha. Mbele andika jina ya ndege, mwaka na eshele. Chini ya kibao, pale hakuna mwenye anaona, bandika karatasi na uandike maneno ya muzee mwenye alikuambia: alikuwa wapi siku ile, alikuwa na miaka ngapi, alisikia nini. Andika sawa alivyosema, usitengeneze. Kama wazee wawili hawapatane, andika ya wote wawili. Rangi itapauka na bawa litavunjika siku moja mutoto akiiangusha. Bawa linabandikwa tena. Maneno ya muzee, kama hakuna mwenye aliyaandika, hayana kole.