Je, Wajua? Jongoo ndiye aliyetengeneza udongo wa Haller Park

Msitu huu wa Bamburi, Mombasa, ulikuwa machimbo. Tangu miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilichimba hapo matumbawe ya kale, kikaacha mwamba mtupu uliochomwa na jua, maji yake ya chini yana chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, na uliotia fora ni mvinje, ambao vijidudu vya mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani.

Shida ikabaki moja: majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu. Waliyatafuna makavu yale, na kinyesi chao kikazaa udongo mweusi ambamo mbegu nyingine ziliota zenyewe. Kwa maoni yangu hao ndio wafanyakazi wakuu wa mradi, ingawa wageni wengi huja kutazama twiga na viboko. Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliletwa hapa, akaandamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee.