Waziri kivuli ana faida gani kwa mkulima?

KILA mwaka, kati ya Aprili na mwisho wa Juni, mawaziri hupanda mmoja baada ya mwingine kwenye mimbari ya Bunge mjini Dodoma kuomba fedha za wizara zao. Hotuba ya Waziri wa Kilimo huwa ni kitabu kizima. Humo ndimo ilimo ruzuku ya mbolea, mbegu, viuatilifu, skimu za umwagiliaji na mishahara ya maofisa ugani. Ndimo zilimo pia ahadi za mwaka uliopita, zile zilizotimizwa na zile zilizoachwa zipite kimyakimya.

Mkulima wa Newala au Mbozi hana nafasi ya kukisoma kitabu hicho. Anahitaji mtu wa kukisoma kwa niaba yake, tena mtu asiye na sababu ya kukisifia. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya msemaji mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani kwa wizara husika, ambaye wengi wamezoea kumwita waziri kivuli. Tangu uchaguzi wa 2020 hakuna mwenye kiti hicho.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, hili si suala la ushabiki wa vyama. Ni suala la nani anauliza, lini, na kabla ya nani kulipa gharama.

Kazi yenyewe

Utaratibu huu ulitoka Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1937 ilimtambua Kiongozi wa Upinzani na kumpa mshahara wa Serikali. Maana yake ni kwamba nchi iliona kumhoji waziri ni kazi rasmi yenye malipo, wala si uadui.

Nchini Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Waziri anapomaliza hotuba yake ya bajeti, Kamati ya Bunge ya sekta hiyo hutoa maoni. Palipokuwapo Kambi Rasmi, msemaji wake alifuata. Hakuhitaji kusubiri kuonwa na Spika, maana nafasi ilikuwa yake kwa kanuni, na hotuba yake iliingia katika kumbukumbu za Bunge sawa na ya waziri.

Baada ya mjadala, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu ya fedha. Hapo ndipo husikika ule msemo wa "kushika shilingi". Mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika fungu la mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe si kitu, lakini humlazimu waziri kusimama tena na kujibu hoja moja tu, bila kujificha nyuma ya hotuba ndefu.

Waziri kivuli mzuri huja na maswali matatu yasiyobadilika. Mwaka jana Bunge liliidhinisha kiasi gani? Hazina ilitoa kiasi gani? Zilizotolewa zilinunua nini? Mkulima hajali sana bajeti iliyosomwa. Anajali mbolea iliyofika ghalani kabla ya mvua.

Somo la korosho

Mfano ulio wazi zaidi ni wa korosho, mwaka 2018. Wanaosafirisha korosho ghafi nje ya nchi hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa sheria iliyokuwapo, asilimia 65 ya ushuru huo ilitakiwa kurudi kuliendeleza zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti na ubanguaji. Asilimia 35 ilibaki Mfuko Mkuu wa Hazina.

Juni 2018 Serikali ilipeleka Bungeni Muswada wa Sheria ya Fedha uliotaka ushuru wote uingie Mfuko Mkuu. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mapato ya umma yakae kapu moja, na mahitaji ya korosho yapangiwe bajeti kama mazao mengine. Wabunge wa upinzani walipinga. Wakaungana nao wabunge wa CCM wa mikoa ya kusini, akiwamo Nape Nnauye wa Mtama. Walihoji pia zilipo zaidi ya Sh200 bilioni za misimu iliyopita ambazo, kwa mujibu wao, zilikuwa haki ya zao hilo na hazikuwa zimetolewa.

Swali lao lilikuwa rahisi kulielewa hata kijiweni: mkorosho usipopigiziwa salfa kwa wakati, ubwiri unga hula maua, na ua likifa hakuna korosho. Fedha za salfa zikiingia kapu la wote, nani atahakikisha zinatoka kabla ya maua?

Muswada ulipita. Miezi minne baadaye, minada ilipofunguliwa, bei ya dunia ilikuwa imeshuka na wakulima walikataa bei za wanunuzi. Wengi walikumbuka kuwa mwaka uliotangulia mnada ulifika hadi Sh4,000 kwa kilo. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwaondoa Waziri wa Kilimo, Charles Tizeba, na Waziri wa Viwanda na Biashara, Charles Mwijage. Akatangaza kuwa Serikali ingenunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Malipo yalichelewa kwa wakulima wengi hadi mwaka uliofuata, huku uhakiki wa kuwasaka wanunuzi wa kangomba ukiendelea. Mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 haukufika popote.

Si haki kusema kila lililotokea lilitokana na sheria ile ya Juni. Bei ya dunia haipangwi Dodoma. Lakini takwimu za uzalishaji zinasema jambo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Msimu uliofuata zilishuka hadi takriban tani 225,000, na kwa misimu kadhaa mavuno yakabaki chini ya tani 250,000. Serikali ilipokuja kugawa pembejeo za korosho kwa ruzuku, hali ilianza kugeuka, na msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000. Hoja iliyoshindwa kwa kura mwaka 2018, kwamba mkorosho unataka pembejeo za uhakika, ilithibitishwa shambani.

Kura hushindwa, kumbukumbu hubaki

Hapa ndipo wengi wanapoikosea hesabu kazi ya waziri kivuli. Wanasema: "Wapinzani wanapiga kelele, mwisho wa siku bajeti inapita." Ni kweli inapita. Wingi wa viti ni wa chama tawala, na hakuna msemaji wa upinzani anayetarajia kuangusha bajeti.

Faida yake iko kwingine. Kwanza, swali linaulizwa hadharani kabla ya uamuzi, hivyo waziri hawezi kusema baadaye kwamba hakuna aliyemwonya. Pili, jibu la waziri linaandikwa, na mwaka unaofuata anaweza kusomewa maneno yake mwenyewe. Tatu, swali likiwa na uzito hupata wenyewe hata ndani ya chama tawala.

Suala la mkataba wa madini wa Buzwagi lilikwenda hivyo. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA wa Kigoma Kaskazini, aliibua hoja ya mkataba uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Bunge lilimsimamisha. Lakini kabla mwaka haujaisha Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe wake. Mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini.

Lawama kwa wapinzani

Hata hivyo, kiti hicho hakimfanyi mtu kuwa na maana kwa kukikalia tu. Waziri ana makatibu, wachumi na wataalamu wa kumwandikia majibu. Msemaji wa upinzani ana wasaidizi wachache. Asipojituma kwenda vijijini na kwenye maghala, hotuba yake hujaa siasa na kukosa tarakimu. Zilikuwapo hotuba za upinzani ambazo mkulima angezisoma mwanzo hadi mwisho bila kukutana na bei ya mfuko wa mbolea.

Kuna pia suala la kususa. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka 2016, wabunge wa upinzani walikuwa wakitoka ukumbini kila Naibu Spika alipokalia kiti, wakidai hawatendewi haki. Huenda walikuwa na sababu zao. Lakini ndiyo bajeti iliyoleta kodi ya ongezeko la thamani kwenye ada za huduma za fedha kuanzia Julai mwaka huo, jambo lililomgusa kila mfanyabiashara mwenye akaunti benki. Mwenye zamu ya kuuliza akiwa nje, hakuna wa kuuliza badala yake.

Kiti kikiwa wazi

Kwa kanuni za Bunge, Kambi Rasmi huundwa na vyama vya upinzani vyenye angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote, yaani takriban wabunge 49. Baada ya uchaguzi wa 2020, ambao matokeo yake yalipingwa na vyama vikuu vya upinzani, idadi hiyo haikufikiwa. Uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikuwamo, haukubadili hali hiyo.

Si kweli kwamba kilimo kilisahauliwa kwa sababu hiyo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka takriban Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi takriban Sh954 bilioni mwaka 2022/23. Ni hatua kubwa. Lakini fedha zikiongezeka mara tatu, maswali ya zilikokwenda nayo yanapaswa kuongezeka.

Tozo ya miamala ya simu inaonyesha kinachopotea. Ilipitishwa katika bajeti ya Juni 2021 na kuanza Julai 15. Mwenye duka aliyezoea kulipia mzigo kwa simu alikuta makato mapya ya hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zilizuka baada ya watu kukatwa. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na ikapunguzwa tena miaka iliyofuata. Bunge lenye msemaji wa upinzani wa fedha huenda lingeipitisha vilevile, ila jedwali la makato lingesomwa kwa sauti ukumbini kabla ya kusomwa kwa wakala.

Nafasi hiyo imejaribiwa kuzibwa na wabunge wa chama tawala. Juni 2024 Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa CCM wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kulidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Aliwasilisha kwa Spika alichokiita ushahidi, kisha akauzungumzia kwa waandishi wa habari. Bunge liliona amelidharau na kumsimamisha vikao 15. Awe alikuwa sahihi au la, tofauti ni hii: msemaji wa Kambi Rasmi huuliza kwa wadhifa, mbunge mmoja mmoja huuliza kwa ujasiri wake.

Majirani wamechukua njia zao. Uganda ilimtambua kisheria Kiongozi wa Upinzani mwaka 2006, na ana mawaziri vivuli. Kenya, kwa Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge. Huhojiwa zaidi na kamati, na tangu 2023 huitwa pia mbele ya Bunge la Taifa kujibu maswali.

Mkulima afanye nini?

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Palipokosekana waziri kivuli, viko vyombo ambavyo mkulima na mfanyabiashara wanaweza kuvitumia.

Cha kwanza ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika Bungeni Aprili. Inaonyesha fedha zilizopangwa, zilizotolewa na zilizotumika vibaya, ikiwamo katika halmashauri.

Cha pili ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Viongozi wa AMCOS wanaweza kutafuta humo alichoahidi waziri kuhusu zao lao na kukisoma kwenye mkutano mkuu.

Cha tatu ni mbunge mwenyewe, wa chama chochote. Swali lenye tarakimu ni gumu kukwepa kuliko malalamiko. Kumwambia mbunge "pembejeo zinachelewa" hakutoshi. Aandikiwe: chama chetu kiliomba mifuko kadhaa, tulipokea kadhaa, tarehe fulani, wiki kadhaa baada ya maua. Barua ya namna hiyo ipelekwe kabla ya Aprili, wakati Kamati ya Kilimo haijamaliza kupitia bajeti, na nakala yake ibaki ofisi ya chama ili mwaka unaofuata mbunge aulizwe alipewa jibu gani.