Mimba Iliyokaa Kwenye Kovu

Hapa kwetu Mtwara akina mama wengi wamezaa kwa operesheni, na wakapata tena watoto salama. Lakini mara chache mimba mpya hukaa penye kovu la kizazi. Mahali hapo ni pembamba. Mimba ikikua, kizazi chaweza kupasuka na damu ikamwagika tumboni.

Dawa ipo. Mimba ikiwa bado changa, daktari huweza kuchoma sindano ya methotreksati, ikome kukua. Baadaye damu hupimwa mara kwa mara, basi sindano haimfai mama wa Msimbati asiyeweza kurudi Ligula. Njia nyingine ni kuivuta mimba kwa mrija, daktari akitazama picha ya altrasaundi. Au hupasua, akaitoa na kushona kovu upya. Damu isipokoma, huenda kizazi chenyewe kikatolewa. Kusafisha kizazi bila picha tunakuogopa sana: kovu laweza kutoka damu nyingi.

Kwa hiyo mama aliyepasuliwa, akikosa siku zake, asingoje tumbo lionekane. Aende zahanati aseme, "Nilizaa kwa operesheni," aelekezwe kwenye picha. Wiki ya 6 hadi 8 ndiyo nzuri. Akiona damu au akiumwa tumbo, aondoke siku ile ile.